Msinichangie nauli, leteni mashindano Dodoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba wachezaji wa chesi tumezidi kutembeza bakuli, na kwamba mchezo wa watu wawili kukaa kwenye viti hauwezi kuhitaji bajeti ya safari. Sijakasirika. Kuna mzee wa bao pale Majengo ambaye nampita nikitoka kufundisha, naye huniuliza jambo hilo hilo: "Mwanangu, kama ubao unao na wa kucheza naye yupo, Nairobi unafuata nini?"

Nafuata retingi, namba ya kiwango cha mchezaji. Chesi ina shirikisho lake la dunia, FIDE, lililoanzishwa Paris mwaka 1924, na kila mchezaji anayetambuliwa ana namba inayomweleza yeye ni nani. Mratibu wa mashindano haniulizi nimesoma wapi wala nafundisha watoto wangapi. Anafungua tovuti, anaangalia namba, anajibu barua yangu au hajibu. Ukifika 2300 unaitwa FIDE Masta. Kwa upande wetu wanawake taji la kwanza linaanzia 2000, na huko ndiko ninakohangaika kufika. Namba hiyo haipandi kwa kumfunga mdogo wako sebuleni. Inapanda kwenye mashindano yaliyosajiliwa, mbele ya mwamuzi mwenye leseni, saa ikiwa mezani, kila hatua ikiandikwa kwenye karatasi, na mpinzani naye awe na namba yake.

Machi 2024 FIDE iliwapandisha kwa mkupuo wachezaji wote waliokuwa chini ya 2000, kurekebisha hesabu zilizokuwa zimeporomoka. Mimi nikatoka 1600 nikawa 1760. Jirani yangu alifurahi akaninunulia soda, ingawa nilimweleza kwamba sikuwa nimecheza hata mchezo mmoja kuipata hiyo 160. Tangu hapo nazunguka pale pale, mwezi huu juu kidogo, mwezi ujao chini kidogo, na sababu yake ni hesabu ambayo ningependa msomaji mwenzangu aifuatilie.

Chukua nina 1760 na nimepangwa na mtoto wa miaka 12 mwenye 1400. Kwa kuwa namba yangu ni kubwa kuliko yake, nikimfunga napata pointi 2 tu. Tukitoka sare napoteza 8. Akinifunga napoteza 18, na yeye, kwa kuwa watoto wana kizidisho cha pointi mara mbili ya changu, anavuna 36. Na mtoto huyo hachezi kama mtu wa 1400 hata kidogo. Namba yake ni ya mwaka jana, yeye mwenyewe ni wa leo, ana simu ya baba yake na anacheza na dunia nzima kila usiku mpaka anyang'anywe. Sisi wachache wa Dodoma wenye retingi tukicheza wenyewe kwa wenyewe, pointi zinahama tu kutoka kwangu kwenda kwako, na zikirudi zimepungua kwa sababu watoto wamezila njiani. Kwetu sisi wakubwa mpya haziingii mpaka aje mgeni mwenye nazo au twende tukazitafute kwake.

Kwa hiyo tunakwenda.

Basi la Arusha linatoka stendi ya Nanenane alfajiri, linapita Kondoa na Babati. Wanaoijua barabara ile enzi za vumbi huniambia nishukuru lami, na nashukuru. Arusha unapanda noa ya Namanga, umebanwa na mizigo ya watu, na pale mpakani siku hizi unagongewa mihuri ya nchi zote mbili ndani ya jengo moja. Kinachochelewesha ni maswali.

"Unakwenda kufanya nini?"

"Kucheza chesi."

"Sawa, kucheza. Na kazi yako?"

"Hiyo hiyo."

Afisa aliniangalia, akaangalia begi lenye ubao uliokunjwa na saa mbili nilizozifunga kwenye kitenge zisigongane, akamwita mwenzake. Mwenzake hakuwa na habari na saa. Alitaka kujua farasi anatembeaje, maana mwanawe alimuuliza akashindwa. Nikatandika ubao pale pale kaunta nikamwonyesha: mbili mbele, moja pembeni, na anaruka juu ya wengine. Foleni nyuma yangu ikaanza kuguna. Nikagongewa muhuri, Nairobi nikaingia usiku.

Mashindano ya siku nne, kama yale ya Nairobi ya wakati wa Pasaka, huwa na raundi mbili karibu kila siku. Kila mmoja anaanza na dakika 90, na kila ukicheza unaongezewa sekunde 30, hivyo mchezo ukifika hatua ya 60 mnaweza kuwa mmekaa masaa manne. Anza saa tatu asubuhi, maliza saa saba, meza chochote kilicho karibu, saa tisa kaa tena mpaka saa moja jioni. Ugali wa mchana ni hatari kuliko mpinzani: ikifika hatua ya 25 macho yanafumba yenyewe na unaanza kutafuta sare isiyokuwepo. Mimi nabeba karanga za kukaanga kutoka nyumbani na maji, basi. Chakula cha kweli ni cha usiku.

Simu unaiacha nje. Ikikutwa mwilini mwako wakati unacheza, mchezo umeupoteza hata kama haikuita. Mama yangu yuko Kongwa, na ameshajua kwamba nikiwa kwenye mashindano hanipati mpaka jioni. Majirani anawaambia niko kwenye mtihani. Nimeacha kumsahihisha.

Usiku ndiyo kazi ya pili. Mpangilio wa kesho ukitoka, chumba tulichochangia watu watatu kinanyamaza ghafla, kila mmoja na kitanda chake na simu yake, anachimbua michezo ya zamani ya mtu atakayekaa naye asubuhi. Anaanza na askari wa malkia au wa mfalme? Akibanwa muda anatetemeka? Hapa nina faida moja, na sijui niiite faida: mimi nikitafutwa sionekani sana. Msichana mmoja wa Nairobi aliniambia alihangaika mpaka saa sita usiku akapata michezo yangu michache tu, yote ya zamani. Nikamwambia nami naitafuta mipya.

Nimewahi kushika nafasi ya tatu kwa wanawake. Bahasha ilitosha nauli ya kurudi na mfuko wa sukari wa mama. Magrupu ya WhatsApp yakaandika "Binti wa Dodoma ang'ara Nairobi", na kuna watu walidhani narudi kununua kiwanja Ihumwa. Kinachoniweka mjini ni kufundisha: shule mbili binafsi siku za wiki baada ya vipindi, na nyumba kadhaa za Area D na Kisasa siku ya Jumamosi. Nikisafiri wiki moja, wiki hiyo silipwi, na kuna mzazi atakayeniuliza kama bado nipo kweli au atafute mwalimu wa piano.

Ulaya nitaisimulia kwa kifupi kwa sababu inanichosha. Pasipoti shilingi 150,000, hiyo sawa, nilijichanga. Mwaliko wa mashindano ya wazi ukaja. Visa ya kule ni euro 90, na balozi nyingi ziko Dar es Salaam pamoja na kwamba makao makuu ya nchi ni hapa kwetu, hivyo kabla hujajaza fomu umeshasafiri. Ubalozi mmoja ukataka taarifa za benki na barua ya mwajiri. Mwajiri wangu ni wazazi wa watoto! Niliandika barua nzuri, nikaambatanisha retingi yangu, nikaambatanisha mwaliko. Jibu likaja ni karatasi yenye alama ya vema kwenye kisanduku, kwamba hawakuridhika kuwa nitaondoka kwao muda ukiisha. Ada ya maombi hairudishwi. Imekula kwangu.

Hata Olimpiadi ya chesi, inayofanyika kila baada ya miaka miwili, mwenyeji hulisha na kulaza timu, lakini kufika huko ni juu ya kila nchi. Hapo ndipo bakuli unaloliona linapoanza kutembea, ndugu yangu msomaji, tena mara nyingi zikiwa zimebaki siku za kuhesabu.

Na hapa tunakubaliana mimi na wewe. Bakuli si njia. Tofauti yetu ni kwamba wewe unataka tukae nyumbani tutulie, mimi nataka mashindano yaje nyumbani. Hela ya kumpandisha ndege mtu mmoja inarudisha pointi za mtu mmoja, kama zitarudi. Fedha hiyo hiyo ikilipia ukumbi, mwamuzi na saa hapa Dodoma, watu 40 wanacheza, na wale wanafunzi wangu ambao hawajawahi kuwa na namba wanapata ya kwanza bila kuvuka hata Mto Wami.

Najua nitaambiwa wakubwa wote walitoka nje. Ni kweli, Amon Simutowe wa Zambia, grandimasta (taji la juu kabisa la chesi) wa kwanza kutoka kusini mwa Sahara, normi yake ya mwisho, yaani matokeo ya juu yanayohesabiwa kuelekea taji, aliipata Uholanzi mwaka 2007 na taji likaja 2009. Normi ya ugrandimasta inataka michezo isiyopungua tisa kwa kiwango cha 2600, dhidi ya wapinzani ambao angalau nusu yao wana mataji na hawawezi wote kuwa wa nchi yako, na unahitaji normi tatu pamoja na retingi ya 2500. Kwa ukanda wetu hiyo maana yake ni kuhama. Simutowe alisoma Marekani, akasoma na Uingereza. Namvulia kofia, ila hiyo si njia ya kumwonyesha mtoto wa Chang'ombe ya hapa Dodoma anayekuja darasani kwangu na kandambili.

Tazama Uganda badala yake. Phiona Mutesi, mchezaji wao maarufu wa kike, hakuanza kwa tiketi ya ndege. Alianzia Katwe, mtaa wa watu maskini wa Kampala, kwa mwalimu Robert Katende aliyekuwa akiwapa watoto uji na ubao. Nchi ile ina mashindano ya shule ya kila mwaka yenye jina la Padri Grimes. Mtoto wa Kampala akija kukaa mbele yako Nairobi, ameshakaa mbele ya saa mara nyingi kwao, mkono hautetemeki. Wa kwetu wengi saa ya chesi wanaigusa kwa mara ya kwanza siku wanayocheza ugenini, halafu tunashangaa wanaibonyeza kwa mkono usiochezea kete na mwamuzi anawaonya.

Dodoma imekaa mahali pake kwa jambo hili. Barabara kuu ya kutoka Cape kwenda Cairo inakatiza mji huu. Mzambia anaingia Tunduma, anapita Mbeya na Iringa, kafika. Mkenya anashuka Namanga. Wa Dar tangu 2024 ana treni ya umeme, daraja la kawaida shilingi 31,000, akiiwahi ya asubuhi anacheza raundi ya mchana na suruali haijakunjana. Tunaosema makao makuu, makao makuu, tukumbuke kwamba makao makuu ya kitu ni mahali ambapo wengine wanakuja.

Wakati nao tuupange kwa akili za mkaaji wa hapa. Si Aprili mpaka Juni, Bunge la bajeti linakaa na gesti ya elfu ishirini inageuka ghafla kuwa hoteli. Si wiki ya Nanenane, Nzuguni inajaa na mji mzima unauza bei ya maonesho. Mimi ningependa Septemba. Wanachuo wengi wamekwenda likizo, kumbi zinalala zimefungwa, jua halijawa kali la Novemba, na wageni watakuta zabibu sokoni, ambazo nazo ni tangazo.

Vinavyohitajika navijua kwa sababu navitafuta kila mwaka. Mbao za plastiki za kukunja na kete zake zipo, shule ninazofundisha zinazo na zitaazima. Saa ndiyo tabu. Zinatakiwa za kidijitali zinazoongeza sekunde, moja kwa kila meza, na zile ni ghali. Hizo tutaazima kwa wenzetu wa Dar, zije na treni, zirudi na treni, na wa kuzipokea na kuzisainia ni mimi. Mwamuzi mwenye leseni alipwe nauli, alale pazuri, ale vizuri, maana mwamuzi mwenye njaa ana hasira. Na muhimu kuliko vyote, mashindano yasajiliwe mapema kupitia chama cha taifa ili pointi zihesabiwe.

Hilo la mwisho nalirudia kwa sababu bila hilo tutakuwa tumefanya bonanza, na bonanza tunazo za kutosha. Nimezicheza. Fulana mpya, spika kubwa, mgeni rasmi anasubiriwa masaa mawili. Akifika anamsogeza askari wa mbele ya mfalme hatua mbili, anapigwa picha akiwa ameshika kidevu kama anafikiri, anahutubia kwamba mchezo huu unajenga akili, anaondoka na msafara. Sisi tunabaki na jua la saa nane, dakika kumi kumi kila mmoja ili tumalize kabla pilau haijapoa. Retingi haijasogea hata nukta. Viongozi wetu wananipenda na mimi nawapenda, lakini safari hii naomba mgeni rasmi aje siku ya kufunga, kutoa zawadi. Asubuhi ya kwanza tunataka saa zianze kwa wakati uliotangazwa.

Kuna atakayesema Dodoma hakuna wachezaji. Aje Nyerere Square jioni ya Jumapili. Atakuta wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma wawili watatu na ubao juu ya ukingo wa saruji, mtumishi mmoja wa serikali kutoka Mtumba aliyejifunza chesi alipokuwa masomoni, kijana wa bodaboda anayecheza huku anaangalia pikipiki yake kwa jicho moja na bado anatufunga. Kijana huyo hana retingi. Nimemwambia aje Nairobi, akanijibu, "Dada, siku nne sipo barabarani, hesabu ya bosi ataileta nani?" Yaje mashindano hapa, atacheza raundi ya asubuhi, mchana atabeba abiria, saa tisa atakuwa kitini. Na mimi, kwa namba yangu, sina hamu hata kidogo ya kupangwa naye raundi ya kwanza.

Gharama sitaki zitoke serikalini zote, wala sitegemei. Washiriki watalipa ada. Watengenezaji wa mvinyo wa hapa, hoteli zinazolia kwamba Bunge likiahirishwa vyumba vinabaki vitupu, wenye maduka ya vifaa vya shule, hao wana sababu ya kutaka wageni mia moja mjini wakati Bunge halikai. Halmashauri ikitupa ukumbi bila kodi kwa siku nne, imeshamaliza sehemu yake.

Nimeshaongea na shule moja ambayo bwalo lake lingefaa, ila jikoni wanapika humo humo na moshi hautuachi. Kwa hiyo, mwenye ukumbi wenye taa za kutosha na viti 80 visivyolia kila mtu anapojigeuza, aniachie ujumbe kupitia ofisi yako, Ndugu Mhariri. Meza tutabeba wenyewe.

Mwalimu na mchezaji wa chesi,
Ipagala, Dodoma.